Ndoo ya Mama Ntumba Iko mu Mulongo

Donati, mutoto wangu,

Kama unasoma maneno haya, ni kusema umeanza kuvaa viatu. Nilitia barua ndani ya kiatu cha kushoto kwa kusudi. Nakujua: safari yote mu kamyo ya Musonda utakaa na sandali, na viatu vyeusi utavifunga mu gazeti sawa mayai. Utavitoa paka kule ziwani tu, mbele ya kwenda kuonekana muntu mukubwa. Basi kaa chini kwanza. Muntu wa kiatu kimoja hakimbii mbali, na mimi nilitafuta mahali penye utanisikia bila kunijibu kwa Kifaransa.

Hapa Katuba ni magaribi. Wewe umekwenda kuaga barafiki, bale bote benye kusema watakuandikia na hata mumoja hataandika. Mama yako eko chumba cha pili, mashini yake ya kushona inalia. Mimi niko na lampe na karatasi ya mapera. Najua unauliza karatasi ya mapera ni nini. Ni ile Padri alinifundisha kuandika juu yake, mpaka siku alinikuta juu ya mupera wake, akanifukuza na masomo yangu yakaishia mule mu miti. Kwa hiyo ukikuta kosa la kuandika, lihesabu kwa mapera.

Sitakuambia uchemshe mayi ya kunywa, wala ulale ndani ya chandarua, wala usioe mutoto wa kwanza mwenye atakuchekea. Mama yako amekwisha kusema yote hayo, na la mwisho alilisema akiniangalia mimi. Mimi nataka kusema juu ya ile nyumba.

Unakumbuka Siku ya Mungu, Musonda alikuya kula kwetu. Ilikuwa bukari na sombe ya majani ya muhogo, na samaki kavu yenye yeye mwenyewe alituletea, shofere mwema. Mama yako alikuwa anakuuliza dirisha za nyumba yako ya kazi ni kubwa sawa gani, apate kukata rido, pazia zake. Kitambaa kilikuwa pale juu ya kiti, kile cha njano na maua mekundu, alikiweka mu kasanduku toka siku ulipasi masomo. Musonda akapanguza mukono.

“Rido za nini, mama? Zile dirisha ziko na bantu ndani.”

“Bantu gani?”

“Bibi ya karani wa zamani, ule Tshimanga. Bwana balimupakia mu kamyo pamoja na Bakasai bengine, bale bantu ba Kasai benye kufukuzwa, balimupeleka kamp, sasa banasema alisha kurudishwa Kasai. Bibi alikuwa na mimba kubwa, balimuacha. Alizalia mule mule. Eko na batoto batatu, anangojea.”

“Anangojea bwana?”

“Bwana? Anangojea karani mupya akuye na ufunguo. Bitu byake alisha kubifunga mu mashuka, biko karibu na mulango.”

Mama yako akaacha kula. Na wewe, mwenye ufunguo mu mufuko wa shati, ukasema pole pole, sawa muntu anasoma tangazo: “Nyumba ile ni ya kazi, tata. Haiko ya muntu.”

Ulisema kweli. Njo ubaya wake. Kama ungesema uongo ningekupiga na kijiko, tungecheka, ingekwisha. Lakini kweli ya namna ile muntu hana pa kuishikia. Basi mimi, mwenye mudomo wenye Katuba nzima inaujua, nikaongeza sombe mu sahani na nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo. Mama yako alifikiri ninaumwa meno.

Ule muji wa ziwani penye unakwenda, nilifanya kazi mule mbele ya kukuzaa, unajua, lakini sikukuambia kazi gani. Nilikuambia “kazi ya Leta,” ya serikali, nikakohoa. Nilikuwa muntu wa kengele.

Usicheke. Ngoja nikueleze ginsi muji mudogo wa ziwani unatawaliwa, sababu pale mu masomo balikufundisha kiti na tampon ya kupiga muhuri. Kiti kiko, ndiyo, na bendera iko nje inapigwa na upepo. Lakini asubui mwenye kutawala ni muzee wa pampu. Ile pampu iko na ngozi ndani. Kama ngozi imekauka inavuta hewa tupu, inalia sawa punda. Paka yeye anajua kuimwangia mayi kidogo kidogo mpaka ikubali. Akilala, bote banangojea na ndoo, hata boyi wa Musimamizi, ule mukubwa wa muji mwenye kofia ngumu. Halafu kuko polisi. Polisi alikuwa njo musambaza barua pia, kwa hiyo hakuna muntu alipigana mu muji ule: nani anataka kukamatwa na muntu mwenye kushika barua ya muchumba wake? Kuko na bamama bale benye kutoa majani ya mayi pa bandari, mutaa huu siku hii, mutaa ule siku ile. Siku yao wakikataa, hakuna mutumbwi unaweza kugusa muchanga. Hakuna karatasi moja ilisema vile. Nilitafuta.

Na mimi na kengele yangu. Soko ya samaki ilikuwa pale pale pa muchanga, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna kuuzisha mbele ya kengele kulia. Na kengele haipigwi mbele ya mitumbwi ya kisiwani kufika. Bale ba kisiwani banatoka mbali, na asubui ukungu unafunika ziwa, hauwaoni. Unasimama juu ya kichuguu, unasikiliza makasia. Kama haujasikia, unangojea. Bakamyo bananguruma, bamama banatukana, wewe unangojea. Ile tu njo kazi yote. Hata mutoto angeweza kuifanya, na mimi nilishindwa.

Sababu pale mu soko kulikuwa musichana mumoja, kisu chake kilikuwa kikali, na mudomo wake ulishinda kisu.

“We wa kengele,” ananiambia, “unangojea nini? Samaki yangu inakufa mara ya pili.”

“Nangojea ba kisiwani.”

“Unawaona?”

“Siwaoni.”

“Basi habako. Ao unaogopa kamba ya kengele?”

Donati, nilipiga. Nilipiga kwa mikono yote miwili, sawa Pasaka. Akauzisha samaki yake yote, akanichekea na meno yote, na mimi nikatembea pa muchanga ule sawa burgumestre, mukubwa wa muji muzima. Bakamyo bakajaa, bakakwenda. Halafu ukungu ukaondoka, na nikaona mitumbwi ya kisiwani inakuya, imeshuka chini kwa uzito wa samaki, na pa bandari hakuna hata munyonga-kinga mumoja na baiskeli yake wa kununua. Jua likatoka. Unajua jua la kule linafanya nini na samaki.

Habakwenda kwa Musimamizi kunishitaki. Ningependa baende, angenipiga makofi, ingekwisha. Bakakuya kwangu. Kila mutumbwi ulimwanga samaki yake mbele ya mulango wa kajumba kangu, pole pole, bila kunitukana, mpaka mulango haukufunguka tena. Muzee wao akaniangalia kwa dirisha, akasema: “Kengele yako ilisema sisi tumekufa. Basi, zika.”

Nilizika mpaka jua linashuka. Nzi ya ziwa lote ilikuya kwa matanga. Ule musichana akakuya pia, akasimama, akaziba pua, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akanyang'anya jembe, akasema, “Toka pale, hata kuchimba hujui.” Njo vile nilioa mama yako. Usimwambie nilikuambia, yeye anapenda bantu bafikiri tulikutana kanisani.

Singesema nilijifunza kitu siku ile. Nilijifunza kuzika samaki. Akili yangu inafika na kamyo ya nyuma siku zote.

Halafu kukakuya ile ndoo.

Robine yangu unaijua, lile bomba la mutaa lenye nalinda, ulikua na mayi yake. Na unajua desturi yake: mama anaweka ndoo mu mulongo na jioni, anarudi kulala, na asubui ndoo ile ni yeye. Muntu hawezi kuiruka, sawa vile hawezi kumuruka mama mwenyewe. Kuko ndoo, kuko masufuria, kuko tofali moja ya Mama Kabwita mwenye sufuria yake iko jikoni. Nalinda yote. Wakati inchi hii ya Katanga ilipata bendera yake, balituitisha tupige makofi, tukapiga, na asubui yake mulongo ulikuwa vile vile, na zile zenye kuwa na matundu zilibaki na matundu.

Mama Ntumba alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Unamukumbuka, alikuwa anakuita bwana yake mudogo, anakupa madesu, yale maharagi yake, na wewe ulikuwa unamuambia mama yako umekula kwa “bibi yangu.” Siku yenye Bakasai ba mutaa wetu balikimbilia kamp ya ONU, ba Umoja wa Mataifa, yeye alipita na godoro juu ya kichwa, hakugeuka. Magaribi nikaenda kufunga robine, nikakuta ndoo yake mu mulongo. Ya buluu, mupya, haina tundu.

Nikaichukua nyumbani. Nakuambia sawa ilivyokuwa: nilifurahi. Nilipiga tako yake na vidole, ikalia vizuri.

Mama yako akaiangalia. “Umetuletea mugeni?”

“Ni ndoo tu.”

“Naona. Mugeni atalala wapi?”

Paka vile. Akaendelea kuchambua mboga. Mimi nikalala, nikageuka, nikageuka tena, na ile ndoo imekaa pale pa mulango sawa muntu mwenye anangojea kukaribishwa. Na mu usingizi nikasikia harufu ya samaki. Mbele ya jogoo nikairudisha pa nafasi yake.

Toka siku ile inatembea. Mulongo ukisogea, naisukuma na muguu. Ikifika mbele naijaza, namwangia mama mwenye amechelewa ao mwenye kuzaa juzi, na naipeleka tena nyuma. Mwanzo bamama balinicheka, balisema muzee ameoa ndoo. Sasa hata nisipokuwa pale banaisukuma bo wenyewe.

Halafu kijana mumoja akakuya, mwenye kitambaa pa mukono, bale ba kulinda mutaa. Alikuwa na fimbo.

“Muzee, ile ya buluu ni ya nani?”

“Ya Mama Ntumba.”

“Ule alisha kwenda. Bale habarudi.”

“Mwambie ndoo. Mimi nilijaribu, inanikatalia.”

“Unanicheka?”

“Mimi nacheka bantu bote, mutoto wangu. Uliza mama yako, eko pale.”

Na kweli mama yake alikuwa pale, nyuma ya ndoo ile ile, na yake mu mukono. Hakuinua hata sauti. “Acha ndoo ya bantu,” akasema. “Mulongo ni mulongo. Kama unaruka ya Mama Ntumba leo, kesho mimi nikichelewa banaruka yangu. Kwenda, chakula chako kiko juu ya meza.” Akaenda. Bamama bakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, lakini usifikiri baba yako ni simba. Nilikuwa natetemeka. Robine pia ilikuwa inatetemeka, ila yake ni sababu ya ngozi ya ndani yenye kuchakaa.

Sasa tuongee juu ya hiyo ngozi, sababu mule mu ngozi njo kuko dawa yako.

Kile kipande cha ngozi cha ndani ya robine nilikiomba kwa komini, biro ya kutawala mutaa, wakati bendera ilikuwa ingine. Balipokea maombi yangu vizuri kabisa. Yalitoka meza ya kwanza, yakaenda meza ya pili, yakaomba ruhusa ya kwenda mu muji, yakarudi yakitafuta sahihi, na mwenye sahihi alikuwa amekimbia Ulaya. Mpaka leo hakuna muntu alinikatalia. Beko banashugulikia. Miaka yote nililaani ule upole wao wa kukawia. Juzi, nikiwa nasikiliza mashini ya mama yako, nikaona kumbe ni nyumba nzuri, muntu anaweza kujificha ndani yake na batoto batatu.

Sikiliza. Ukifika biro, usiseme “sitaki nyumba.” Hapana. Hilo ni neno la kiburi, litakwenda mbio, na maneno ya kwenda mbio yanafika kwa bakubwa. Sema unaitaka nyumba, unaitaka sana, lakini paa inavuja. Haitakuwa uongo, kule paa zote zinavuja. Andika na ile mukono yako nzuri kwamba karani hawezi kulala penye makaratasi ya Leta yatalowa. Omba mabati. Omba misumari. Omba muntu wa kupima. Na ukiulizwa mwanamuke anafanya nini mule, sema eko analinda mulango mpaka mabati ifike. Donati, nakuapia, Tshimanga atarudi na mvi mbele ya mabati ile kufika.

Wewe utalala kwa mujomba wako Kaoma, ndugu ya mama yako, pale pa muchanga. Nyumba yake inanuka moshi wa samaki na yeye anakoroma sawa kamyo kwa mulima. Utavumilia. Mimi nilivumilia yote mawili, na mbu juu yake.

Najua naweza kukupotezea kazi. Ile siichezei. Kama muntu mumoja mule mu biro anatafuta neno la kukushitakia, hili litatosha, na sisi bantu ba kutoka kaskazini, benye inchi banatuangalia kwa pembeni ya jicho siku hizi. Masomo yako mama yako aliyashona, nguo kwa nguo, unajua. Kama ukivaa kiatu hiki, ukaenda, ukafungua na ufunguo wako, utabaki mutoto wangu na nitakuya kulala mu nyumba ile, na nitakula, na nitasema kiti chako ni kizuri. Sitanyamaza tena juu ya sombe. Lakini harufu, mwanangu. Mimi siwezi kukutolea ile harufu. Ningeweza ningekuwa nimejitolea yangu.

Kiti cha biro kaa, usikiache. Bantu ba kule banahitaji karani, pampu inahitaji ngozi, na wewe una akili kunishinda. Paka ukikaa, kaa sawa muntu mwenye kukalia nafasi ya mwenzake mu mulongo. Siku akitokea, unasimama, unamusalimia, unamuonyesha penye umefikisha kazi. Haina haya. Bamama ba robine banafanya vile kila asubui, na hakuna mumoja alikufa.

Kuko neno moja tena, usinikasirikie. Mimi nilishika tu kitambaa kwa pembe ili isianguke chini. Mule mu mizigo yako, ndani ya kifurushi chenye mama yako alikuambia ni rido, hakuna rido. Siku mbili alikuwa anashona, na mimi sikuuliza. Leo magaribi nikaingia, nikaona ile njano na maua mekundu imepata mikono. Ni kanzu ya mutoto mwanamuke, na shati la mutoto mwanaume, na kamoja kadogo sana kenye sikujua kama ni nguo ao kofia. Nikamuuliza, “Vipimo ulitoa wapi?” Akasema, “Kwa Musonda. Alinionyesha kwa mukono, mukubwa hapa, wa pili hapa.” Na mukono wa Musonda unaujua, ni wa shofere, unaonyesha kila kitu kikubwa. Kama nguo ni ndefu, ikunjwe, isikatwe. Batoto banakomaa.

Kesho asubui kamyo itapita mbele ya robine, saa ya mulongo. Utanitafuta na macho, utaona sikuinua mukono. Usifikiri nimekasirika. Nilihesabu jioni hii: kesho ndoo ya buluu inafika mbele, nitakuwa nimeishika kwa mikono yote miwili.

Sasa vaa kiatu. Ufunguo uache mufukoni, chukua kifurushi, na ukifika pa mulango ule piga hodi, ungojee. Usikilize sawa muntu wa kengele. Kuko muntu ndani.

Mimi tata yako,
wa kengele na wa robine